Taa ya buluu, zamu ya kalenda

Mhariri,

Wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, Iringa, wamewahi kutumia vihisi vya unyevu wa udongo viitwavyo Chameleon, vilivyobuniwa na CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia. Hufukiwa kwenye kina tofauti cha mizizi, na mkulima husoma taa tu: buluu, udongo umelowa, kijani, unyevu unatosha, nyekundu, pamekauka. Wengi wakaona wanamwagilia kupita kiasi, na maji hayo huizamisha mbolea mizizi isikofika. Mbolea yenyewe bei hii!

Ila skimu nyingi bado zina zamu za maji za kalenda, kila mkulima na siku yake. Siku yako ikifika unafungulia hata taa ikiwa buluu, maana ukiiacha hujui utapata lini tena. Kamati zibadilishe ratiba kwanza, vihisi vinunuliwe baadaye.

Mkulima wa vitunguu,
Iringa