Barua kwa Rafiki Anayetafuta Kiolezo cha Blogu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi ni mzima, na natumaini nawe u mzima pamoja na wote ulio nao. Barua yako niliipata siku kadhaa zilizopita na nikaisoma mara mbili. Kilichonichelewesha kujibu ni kwamba nilitaka kwanza kuvifungua vile violezo vitatu ulivyonitajia, yaani zile sura zilizotengenezwa tayari za kuvalisha blogu, nivitazame kwa utulivu kwenye kompyuta na kwenye simu, ili nisije nikakujibu kwa kubahatisha. Umeniomba nikuchagulie kimoja. Nitakueleza nilichokiona katika kila kimoja na namna nilivyovipima, na wala sitakuficha ninakoelekea, ila uamuzi wa mwisho uwe wako, kwa kuwa wewe ndiwe utakayeandika humo kila juma.

Nianze na kile cha kwanza, chenye picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa, ambacho ndicho ulichokisifia kuliko vyote. Nilifanya jambo moja dogo: nilinakili hadithi yako ya mwisho, ile yenye maneno zaidi ya elfu mbili na isiyo na picha hata moja, nikaipachika mahali pa maandishi ya maonyesho. Ungalikuwepo ungalicheka. Picha zilipoondoka yalibaki mabango ya kijivu yanayopishana bila kuonyesha kitu, na chini yake hadithi yako ikajibana kama mgeni aliyekosa mahali pa kuketi. Watengenezaji wa violezo hupamba maonyesho yao kwa picha zilizopigwa na mafundi na kwa vichwa vya makala vyenye maneno mawili matatu, nao hawana lawama, kwa kuwa muuzaji yeyote hupanga bidhaa yake ipendeze. Lakini wewe unaandika hadithi fupi na tahakiki za vitabu, na kiolezo chako hakina budi kupendeza kikiwa na maneno matupu.

Jambo jingine lililojitokeza hapo ni urefu wa maneno yetu. Violezo vingi hubuniwa na watu wanaowaza kwa Kiingereza, ambacho maneno yake ya kawaida ni mafupi. Sisi tunabebesha kitenzi kimoja mtenda, wakati, mtendwa na kirejeshi, tukapata neno kama “walichotusimulia” au “hatutakusahauni”, na neno hilo likiwekwa kwenye kichwa cha makala kwa herufi kubwa tupu, katika ukubwa wa pikseli 60 hivi (pikseli ni nukta ndogo za skrini), hutoka nje ya skrini ya simu. Ndivyo ilivyotokea kwenye kiolezo cha kwanza: nusu ya neno ilikuwa imekatwa, na ukurasa mzima ukawa unayumba kushoto na kulia kila nilipougusa. Kwa hiyo kabla ya kukipenda kiolezo chochote, kijaribu kwa kichwa chako kirefu kuliko vyote.

Tena usikipime kwa ukurasa wa mwanzo. Najua kwamba mwenye blogu hupitia ukurasa wa mwanzo kila siku, lakini msomaji wako kwa kawaida hutumiwa kiungo na rafiki yake, au huletwa na injini ya utafutaji, na hutua moja kwa moja kwenye makala. Anasoma, pengine anaondoka, pengine anabofya makala ya pili, na ule mlango wa mbele uliousumbukia kwa siku nne hauoni kabisa. Mimi sasa nikifungua kiolezo kipya huenda kwanza kwenye ukurasa wa makala moja, nikaishika simu kwa mkono mmoja, nikasoma mpaka mwisho. Nikifika mwisho bila kukikumbuka kiolezo, nakiweka kwenye orodha.

Katika kusoma huko kuna vipimo vichache ambavyo unaweza kuvishika bila kuwa fundi. Mstari wa maandishi kwenye kompyuta usizidi sana herufi 75, wala usipungue 45, maana mstari mrefu humfanya msomaji apoteze mahali anaporudi kushoto, na ule mfupi humkatakata pumzi. Herufi za mwili wa makala zisiwe chini ya pikseli 16, ambao ndio ukubwa ambao vivinjari hutumia visipopewa maagizo mengine, na kwa hadithi ndefu mimi hupandisha hadi 18 au 19. Nafasi baina ya mistari iwe kama mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Kuhusu rangi, kuna mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unaotaka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nimekipima kiolezo chako cha tatu, kile cheupe kisicho na makeke, nikakuta maandishi yake yamepakwa kijivu chenye namba #999999, ambacho juu ya nyeupe hakifiki hata 3 kwa 1. Ndiyo maana uliniandikia kwamba “kinachosha macho lakini sijui kwa nini”. Kasoro hiyo ni ya dakika moja: kijivu cha #767676 ndicho kinachovuka mpaka kwa kiasi kidogo tu, na ukikoleza zaidi ya hapo utasoma hata juani.

Kiolezo cha pili sina mengi ya kukisema, isipokuwa nakuomba ukifute. Umesema uliona kinauzwa kwa mwenyewe, kisha ukakipata bure kwenye tovuti nyingine. Mara nyingi wanaogawa hivyo huwa wamepachika ndani yake viungo vya siri au msimbo uliofumbwa, ambao siku moja utaanza kuwapeleka wasomaji wako kusikojulikana. Huna sababu ya kuingia katika hatari hiyo, maana ghala rasmi la WordPress, ule mfumo wa kuendeshea blogu, limejaa violezo vya bure kwa haki, vyenye leseni inayokuruhusu kuvitumia na kuvibadilisha upendavyo, na hukaguliwa kabla ya kupokelewa humo. Tena kile cha pili kilikuwa na safu tatu. Kwenye simu safu hizo huporomoka na kupangana moja chini ya nyingine, na kwa kile chako ile ya kushoto ndiyo iliyotangulia, hata msomaji alazimike kupita kalenda, orodha ya kategoria na picha yako mwenyewe kabla ya kuiona sentensi ya kwanza ya hadithi. Ubunifu wa kurasa zinazojirekebisha kulingana na skrini umezungumzwa tangu mwaka 2010, na tangu Aprili 2015 Google huzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Hata hivyo, kujirekebisha peke yake hakutoshi kama mpangilio wa vitu ulikosewa tangu awali.

Umeona sasa kwamba naelekea kwenye kile cha tatu. Nina sababu nyingine pia, nayo ni uzito. Cha kwanza hupakua picha tano kubwa na fonti (mafaili ya mitindo ya herufi) za aina nyingi kabla neno la kwanza halijaonekana, ilhali kipimo ambacho Google wenyewe wanakitumia kinataka sehemu kubwa kuliko zote ya ukurasa iwe imeonekana ndani ya sekunde 2.5. Cha tatu hupakua fonti mbili tu, na hata hizo unaweza kuziondoa ukatumia zilizomo tayari kwenye kifaa cha msomaji.

Sasa nije kwenye kukibadilisha, ambako ndiko nilikoungua mimi. Nilipoanza, sikujua kwamba kiolezo nacho husasishwa na mtengenezaji wake kama programu nyingine yoyote. Nilifungua mafaili ya kiolezo chenyewe, nikahariri rangi, nikahamisha jina la mwandishi, nikaandika upya sehemu ya chini ya ukurasa, kazi ya majuma mawili ya usiku. Kisha siku moja nikaona taarifa kwamba kuna toleo jipya, nikabofya kitufe cha kusasisha huku nikinywa chai, na kabla kikombe hakijapoa kila kitu kilikuwa kimerudi kama siku ya kwanza. Sikuwa na nakala. Toleo jipya huja na mafaili yake yote na kufuta yaliyokuwapo, na lilifanya hivyo kwa uaminifu kabisa.

Kwa violezo vya mtindo wa zamani, dawa yake ni kutengeneza kiolezo kidogo kinachorithi kile kikubwa, ambacho wenye kazi hii hukiita kiolezo mtoto. Ni folda moja yenye faili la maagizo ya sura liitwalo style.css, ambalo mwanzoni mwake unaandika jina la kiolezo chako na jina la folda ya mzazi. Mengine yote ambayo hukuyagusa huendelea kutoka kwa mzazi, na mzazi akisasishwa mtoto hadhuriki. Kama unachotaka ni rangi na ukubwa wa herufi tu, huhitaji hata hilo: tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, WordPress ina kisanduku cha kuandikia CSS ya ziada, yaani maagizo ya sura ya ukurasa, na yaliyoandikwa humo huhifadhiwa kwenye hifadhidata, nje ya mafaili ya kiolezo. Ila kumbuka kwamba yamefungamanishwa na kiolezo hicho. Siku ukihamia kingine hayatakufuata, kwa hiyo yanakili mahali.

Kile cha tatu, kwa bahati, ni cha mtindo mpya wa kuujenga ukurasa kwa vipande, ulioingia rasmi katika toleo la 5.9 mnamo Januari 2022. Hapo karibu kila kitu, kuanzia kichwa cha ukurasa hadi sehemu ya chini, hubadilishwa kwenye kihariri cha tovuti, na mabadiliko huhifadhiwa kwenye hifadhidata. Vijana wanaoanza leo hawajui raha waliyo nayo. Kabla ya toleo la 1.5 la mwaka 2005 hapakuwa hata na violezo vya kubadilishana katika WordPress, na aliyetaka sura mpya alilazimika kushika mafaili ya mfumo kwa mikono yake. Hata hivyo raha hiyo ina mtego wake: kwa kuwa kila kitu hubadilika kwa kubofya, utajikuta umebadilisha mambo kumi kwa jioni moja, na asubuhi kitu kikiharibika hujui ni lipi kati ya kumi. Badilisha moja, hifadhi, tazama kwenye simu, ndipo uende kwenye la pili.

Mimi ningeanza na herufi, halafu ningeikoleza rangi ya maandishi, halafu ningechagua rangi moja tu ya viungo na kuviacha na mstari wake wa chini, kwa sababu wapo wasomaji wasiotofautisha rangi fulani na ambao kwao mstari ndio unaosema kwamba hapa pana kiungo. Nembo unayoihangaikia ingekuja mwisho kabisa. Jina la blogu yako likiandikwa kwa fonti nzuri linatosha kwa mwaka mzima.

Kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa mahali pengi, nalo linatuhusu sisi hasa. Kila ukurasa hubeba ndani yake alama inayotaja lugha yake, na usipoibadilisha kwenye mipangilio ya jumla, hubaki Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba programu zinazowasomea watu wasioona husoma hadithi yako kwa matamshi ya Kiingereza, na kama kiolezo kinaruhusu kukata maneno mwishoni mwa mstari, kivinjari huyakata kwa kanuni za Kiingereza, pasipo kujali silabi zetu. Ibadilishe iwe Kiswahili. Kisha yatafute maneno ya vitufe yaliyosalia kwa Kiingereza na uyaandike upya: “Endelea kusoma”, “Toa maoni”, “Iliyotangulia”, “Inayofuata”. Tazama kama kitufe kinatosha, maana “Endelea kusoma” ni ndefu kuliko alivyotarajia mbunifu. Na jaribu fonti yako kwa maneno kama ng'ambo, kung'amua na ng'ombe, kwa herufi ndogo na kubwa. Fonti nyingine huiachia ile alama ya ng' nafasi kubwa mno, neno likaonekana limepasuka vipande viwili. Niliwahi kuiacha fonti niliyoipenda sana kwa kosa hilo moja.

Kuhusu swali lako la kama utahitaji plagini za kupamba, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye blogu, jibu langu ni la, angalau kwa sasa. Weka moja ya kuhifadhi nakala ya blogu nzima, tena uiweke kabla ya kugusa chochote, nawe unajua kwa nini nasisitiza.

Ukishaipandisha hadithi ile kwenye kiolezo cha tatu na kuikoleza rangi ya maandishi, nitumie kiungo. Nitaifungua kwenye simu yangu ya zamani, ile ndogo yenye ufa kwenye kioo uliyozoea kunicheka nayo, kisha nitakuandikia ni wapi macho yangu yalikwama.

Wako daima,
Rafikiyo