Barua kwa mwanangu: Kwa nini pesa yako iko kwa patroni

Mwanangu Baraka,

Bibi yako anakusalimu sana. Umelalamika kwamba pesa ya matumizi nimemwachia patroni wa bweni lenu badala ya kukupa mkononi. Una haki ya kujua sababu.

Duka letu liko njiani kwenda sekondari, kwa hiyo mengi nayaona. Zamani ilikuwa viroba: kipakiti cha pombe kali, mtoto anakitia kwenye soksi na kupita getini. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nilifurahi kwelikweli. Lakini njia nyingine ikapatikana. Sasa wanachangishana, wanamtumia bodaboda pesa kwa simu, ananunua chupa, pombe inamiminwa kwenye chupa ya juisi na kupitishwa juu ya ukuta wakati wa prepo, mnapojisomea. Na huyo bodaboda ndiye anayewapeleka hospitali mkiugua, mnamwita kaka.

Bangi nayo siku hizi huchanganywa hata kwenye biskuti. Kuber, ule ugoro wa pakiti, huuzwa kama kitu cha kuburudisha kinywa.

Linaloniuma zaidi ni hili: anayeanza hatozwi kitu. Anapewa bure na rafiki wa bweni moja. Baadaye anaambiwa achangie, na akikosa pesa anaambiwa abebe. Wa kutwa aingize kutoka mtaani, wa bweni afiche chini ya godoro. Msako ukija, aliyekutwa na mzigo anafukuzwa shule, aliyeuza anabaki na biashara yake. Huo ni ukatili, Baraka, na wanaofanyiwa ni watoto.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe wala sigara. Mimi nimewarudisha wengi, wengine wamevaa fulana juu ya sare. Najua wakitoka kwangu wanajaribu kibanda kinachofuata, na kuna wanaowauzia huku wanawajua wazazi wao.

Ukihitaji daftari au dawa ya meno, mwambie patroni, tumeshazungumza. Wakikubana ubebe kitu, sema mama yako hukagua begi lako bila taarifa. Lawama hiyo nibebeshe mimi. Wakizidi, omba simu ya mwalimu unipigie hata usiku wa manane. Sitaanza kwa kugomba. Ukiona huwezi kuniambia mimi, 119 ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Siku ya wazazi nakuja. Niambie kama viatu vimebana, nikuletee vingine.

Mama yako