Jumamosi: Luka 12 na baba yake Perpetua

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Jumamosi saa 10 jioni tunasoma Luka 12:51-53, pale Yesu anaposema baba atafarakana na mwanawe, mkwe na mama mkwe. Naomba tusikimbilie kuyalainisha maneno hayo.

Tutaanza na Mtakatifu Perpetua, aliyeuawa Karthago (Tunisia ya leo) mwaka 203, akiwa na mtoto anayenyonya. Baba yake, asiye Mkristo, alimsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha chombo cha maji: je, kinaweza kuitwa jina jingine? Basi naye hawezi kuitwa ila Mkristo. Mzee akarudi tena, akambusu mikono, akaomba ahurumie mvi zake. Gavana alipoamuru mzee achapwe, binti aliandika kwamba aliumia kana kwamba amechapwa yeye. Mimi kila nikifika hapo nashindwa kuendelea kusoma.

Wenye ndugu mliokosana nao kwa ajili ya ubatizo, ndoa au tambiko la ukoo, njooni, hata kama ni kusikiliza tu. Majina ya ndugu tusiyaandike humu, tafadhali. Wapo wenye watoto na wakwe humuhumu. Anayetaka kuongea faragha kwanza, anipigie, hata usiku.