Migahawa ya vituo vya malori si ile uliyoiacha

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na jamaa zako wote. Barua yako nimeipokea na kuisoma kwa makini, hasa pale ulipoulizia kama bado tunakula vizuri njiani kama ilivyokuwa ulipokuwa ukiendesha malori hapa Marekani. Ningeweza kukujibu kwa neno moja kwamba hatuli vizuri, lakini jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nawe ni miongoni mwa watu wachache watakaoelewa kwa nini mtu mzima anaweza kuuhuzunikia mgahawa.

Unaikumbuka ile sehemu iliyotengwa kwa madereva, yenye viti virefu mbele ya kaunta na simu kwenye baadhi ya meza, ambako mhudumu alikuwa akipita na birika la kahawa kabla hujamwita. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta tu, na saa nane za usiku ungeweza kuagiza mayai, viazi vilivyokaangwa muda huo huo, nyama yenye mchuzi na supu ya siku ile. Penye bufee, dereva aliyetaka mboga alizipata. Zaidi ya chakula, palikuwa na mazungumzo: nani ametoka milimani na theluji ikoje huko, mizani ipi imefunguliwa, bohari gani inakuweka nusu siku bila kukushushia mzigo. Dereva mgeni alijifunza kazi pale kwa kusikiliza tu.

Siku hizi, katika vituo vingi ninavyopita, chumba kile hakipo. Palipokuwa na meza sasa pamepangwa kofia, chaja za simu na vifaa vya taa, na chakula kimehamia kwenye kabati la kioo lenye taa za kukipasha joto, pamoja na soseji zinazozunguka juu ya vyuma vya moto tangu saa usizozijua. Pembeni huwa na kaunta moja au mbili za vyakula vya haraka, na mara nyingi usiku hufungwa, ukabaki na mkate uliofungwa kwenye plastiki. Hata pale ambapo mgahawa wa kukaa umesalia, mara nyingi supu huja ikiwa imekwisha kupikwa kwingine, imefungwa katika mfuko wa plastiki, na kazi ya jikoni ni kuipasha moto. Siwalaumu wapishi hata kidogo. Mpishi hawezi kupika kwa viungo ambavyo hakuletewa, wala kwa muda ambao hakupewa.

Watu wengi husema kwamba madereva wenyewe ndio waliobadilika, kwamba hatupendi tena kukaa mezani. Maelezo hayo siyakubali, kwa sababu kilichobadilika zaidi ni saa zetu. Kanuni za saa za kazi unazijua: saa 11 za kuendesha, ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, yaani kipindi ambacho uendeshaji wote wa siku lazima umalizike, baada ya mapumziko ya saa 10, na mapumziko ya dakika 30 kabla ya kupitisha saa 8 za uendeshaji. Wewe uliacha usukani wakati saa hizo bado zikiandikwa kwa kalamu. Tangu Desemba 2017 wengi wetu tunatakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, nacho hurekodi kila dakika gari linapotembea. Sikipingi kifaa hicho, maana kimewazuia waajiri wengi kumsukuma dereva aendeshe akiwa amechoka. Lakini lile dirisha la saa 14 halisimami kwa sababu unakula. Ukikaa saa nzima mezani mchana, saa hiyo umeikata kwenye siku yako ya kazi, na kwa kuwa wengi wetu tunalipwa kwa maili, umeikata pia kwenye mshahara wako.

Zihesabu zile dakika 30 kwa namna zinavyotumika kweli. Utafute nafasi ya kuegesha, utembee kutoka mwisho wa uwanja, uende msalani, upange foleni, kisha urudi na kukagua tairi kabla ya kuondoka. Sahani inayopikwa baada ya kuagizwa haiwezi kuingia katika muda unaobaki, kwa hiyo dereva huchukua kilicho tayari na kukilia kwenye kabini. Mwenye kituo anatazama viti vitupu na kukata shauri kwamba madereva hawavitaki viti, ilhali dereva yule angekaa kama angeruhusiwa na saa yake. Ndivyo mgahawa mmoja baada ya mwingine ulivyofungwa, na kila uliofungwa ukachukuliwa kuwa ushahidi wa kuufunga unaofuata.

Jioni, muda unapokuwepo, linakuja tatizo la maegesho. Unakumbuka kisa cha Jason Rivenburg, dereva aliyeuawa mwaka 2009 kule South Carolina baada ya kulazimika kulala kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa, kwa kuwa hakuwa na mahali salama pa kuegesha. Sheria yenye jina lake ilipitishwa mwaka 2012 ili uhaba huo uchunguzwe na fedha zielekezwe kwenye maegesho, lakini mpaka leo jua likizama nafasi zimejaa. Aliyepata nafasi haiachi. Naye hawezi kuliingiza tela la futi 53 katika uwanja wa mgahawa wa kawaida mjini, hata kama anakinusa chakula chake kutoka barabarani. Tangu sheria ya mwaka 1956 iliyoanzisha barabara kuu za kati ya majimbo, biashara za aina hii hazijengwi ndani ya eneo la barabara yenyewe, isipokuwa katika barabara za kulipia zilizokuwepo kabla, hivyo vituo vimekaa kwenye njia za kutokea, na katika sehemu nyingi ni kimoja au viwili tu. Mteja asiyeweza kwenda kwingine ni rahisi kumpunguzia ubora.

Umiliki nao umebadilika. Pilot na Flying J, kampuni mbili kubwa za vituo vya malori, ziliungana mwaka 2010, kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway ikamaliza kuinunua kampuni hiyo nzima Januari 2024, na kampuni ya mafuta ya BP ikainunua TravelCenters of America, nayo ya vituo vya malori, mwaka 2023 kwa takriban dola bilioni 1.3. Sisemi kwamba wanunuzi hao walikuja na nia ya kutulisha vibaya. Ninachosema ni kwamba maamuzi ya mamia ya vituo yanapofanyika mahali pamoja, kila mita ya sakafu hupimwa kwa mauzo yake, na katika hesabu hiyo meza ya watu wanne wanaokunywa kahawa na kuzungumza itashindwa na rafu ya chaja. Jiko la saa 24 linahitaji mpishi, mwosha vyombo na wahudumu wa zamu tatu. Wahudumu wenyewe, kwa kiwango cha chini cha mshahara cha shirikisho kwa wanaopokea bakshishi, wanaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu mwaka 1991, ijapokuwa majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi. Ni nani atakayekesha kwa malipo hayo katika ukumbi usio na wateja? Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga kumbi za kulia na bufee, sehemu nyingi hazikufunguliwa tena.

Kinachoniuma zaidi ni afya zetu. Mwaka 2010, NIOSH, taasisi ya serikali inayochunguza usalama na afya kazini, iliwahoji madereva wa safari ndefu katika vituo 32 vya malori, na kwa urefu na uzito walioutaja, asilimia 69 kati yao walikuwa na unene wa kupindukia, zaidi ya mara mbili ya wafanyakazi wengine. Najua kukaa kwenye usukani siku nzima na usingizi wa mang'amung'amu vina sehemu yao kubwa. Lakini mtu unapomwondolea mboga, ukamwachia unga uliokaangwa na soda, huwezi kumwambia kwamba ugonjwa wake ni uzembe wake. Wenzetu wengi sasa wamefunga friji ndogo na jiko la umeme ndani ya kabini na wanajipikia. Nawasifu, hata mimi nimeanza, ila ninapotuona tumejifungia kila mmoja katika kabini yake tukila peke yetu, naona kwamba lile darasa la kaunta limevunjika.

Kuna jambo moja ambalo lingesaidia, nami naliamini kwa dhati. Mwaka 2019 mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori, FMCSA, ilipendekeza dereva aruhusiwe kulisimamisha lile dirisha la saa 14 mara moja kwa siku, kwa mapumziko ya kuanzia dakika 30 hadi saa tatu. Kanuni mpya zilipotoka mwaka 2020, pendekezo hilo lilikuwa limeondolewa. Hofu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: wenye mabohari wangeweza kumlazimisha dereva aitumie ruhusa hiyo huku akisubiri kupakiwa. Hata hivyo, ingewezekana kuiwekea masharti, kwamba muda huo usitumike kwenye uwanja wa bohari. Dereva akiwa na saa moja iliyo yake kweli, viti vitajaa, na mwenye kituo atakuwa na sababu ya kumwajiri mpishi.

Si kwamba vyote vimekwisha. Kile kituo kikubwa cha malori cha Iowa 80 pale Walcott, jimbo la Iowa, kilichofunguliwa mwaka 1964, bado kina mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, na kila Julai madereva hukusanyika pale kwa sherehe yao. Kwenye barabara za zamani, mbali na zile kuu, vipo pia vituo vya familia ambavyo mwenye nyumba ndiye anayepika. Wewe ulizijua njia za kusini kuliko mimi. Tafadhali niandikie majina ya vile ulivyokuwa ukivipenda na njia za kuvifikia, nami kila mzigo utakaponipeleka huko nitasimama, nikae, niagize, kisha nikuandikie ni vipi ambavyo bado vina jiko.

Ni mimi rafiki yako wa dhati.