Barua ya wazi kwa wanangu mnaokusanya data vijijini, na wakubwa wenu pia wasome

Wanangu, asalaam aleikum, na wale wa salamu nyingine hamjambo.

Naandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Wiki iliyopita nilialikwa kikao cha kurudisha matokeo ya utafiti mmoja wa matende hapa Malindi, hoteli ya ufuoni, sisi wazee tumewekwa viti vya mbele, chai na sambusa, profesa akishuka anapanda mwingine. Slaidi ya mwisho ikaja na majina ya waandishi, kumi na mmoja, kila mmoja na picha yake amevaa suti. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi: tunaishukuru timu ya nyanjani. Nikageuka nyuma. Mjukuu wa dada yangu alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, mkono bado umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Timu ya nyanjani ndiyo hiyo.

Kwa msiojua, vijiminyoo vya matende huku kwetu pwani hutembea kwenye damu usiku, kuanzia saa nne hivi mpaka saa nane, mchana vinajificha, kwa hiyo mwenye kutaka kuviona kwa darubini lazima akatoboe watu vidole usiku. Binti huyo amefanya hivyo miezi tisa, kubisha milango ya watu waliolala, tochi ameibana kwa meno, mbwa wanambwekea, anabembeleza mama mwenye nyumba tone la damu. Usiku mmoja wanarudi kutoka upande wa Marafa boda ikateleza kwenye changarawe, yeye akalikumbatia boksi la slaidi, vile vioo vya kupakia damu, kifuani akaangukia mkono. Slaidi zilifika zima zote. Mkono wa kulia ulivunjika pahala pawili.

Kwenda ofisini anaambiwa ati wewe si mfanyakazi, wewe uko kwa posho. Kontrakti ya miezi miwili miwili, ya mwisho hata haikutiwa saini, "tutaileta wiki ijayo". Matibabu tumechanga kwa grupu ya familia.

Sasa nisikilizeni vizuri maana haya mnafichwa. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inasema kazi ikifika miezi 3 kwa jumla, mkataba lazima uandikwe, na mwenye jukumu la kuuandika ni mwajiri, si wewe umkimbize na karatasi. Mwaka huohuo ikapita sheria ya fidia ya kuumia kazini, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Hilo neno posho wanalitumia ndio hizo mbili ziwapite pembeni. Na nyinyi mnanyamaza kwa sababu mnaogopa jina lenu lisirudi kwenye orodha ya projekti ijayo. Nawaelewa, wallahi nawaelewa, lakini kunyamaza huko kunaharibu zaidi ya mkono.

Nieleze kwa nini. Mimi nimefanya kazi ya maabara na nyanjani miaka mingi kabla sijastaafu, na wakati mmoja nilikuwa msimamizi wa vijana wanane wa hojaji. Siku moja napitia fomu za kijana mmoja, mzuri, mpole, anaswali, nikaona fomu kumi na nane za nyumba kumi na nane zimeandikwa kwa kalamu ile ile na mwandiko uliotulia kama mtu aliyekaa mezani. Hakuna vumbi, hakuna alama ya jasho, joto la watoto karibu wote 36.8, kila nyumba watu watano. Nikapanda baiskeli nikaenda mpaka kile kijiji, nyumba ya kwanza hawamjui, ya pili hawamjui. Alijaza zote chini ya mkorosho karibu na stendi. Nilimfukuza kazi siku ile ile mbele ya wenzake, na nikajiona nimeilinda sayansi. Baadaye ndio nikaambiwa nauli haikuwa imetoka mwezi na nusu, alikuwa anajilipia mwenyewe mpaka zikamwishia, na aliogopa kuniambia kwa kuwa mwenzake aliyelalamika kabla yake hakuitwa tena. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Uongo kwenye zile fomu ulianza ofisini kwetu, kwenye nauli, kabla haujafika mkoroshoni.

Ndio maana nawaambia wakubwa, hizi grafu zenu nzuri zinasimama juu ya mtu mmoja kijijini saa saba za usiku, kama huyo ana njaa na ana hofu basi mnajuaje mlichokipata? Mnaandika bajeti ya tiketi za kwenda kusoma matokeo ng'ambo, bima ya anayebeba slaidi inawashinda. Tangu Azimio la Helsinki la 1964 kuna kanuni za kumlinda anayetolewa damu, na vizuri sana, kuna kamati, kuna fomu ya ridhaa kurasa na kurasa. Anayemtoa damu huyo kamati gani inamuuliza amekula?

Na habari ya majina. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zinataka mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, na kukusanya data kumo, awe ameandika au kurekebisha pepa, aikubali ya mwisho, na awajibike nayo. Lakini zinasema pia kwamba aliyetimiza lile la kwanza apewe nafasi ya kushiriki haya mengine. Asinyimwe rasimu halafu aambiwe hukuandika. Chanjo ya malaria ile ya RTS,S iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, Kilifi yetu ilikuwa moja ya vituo 11 vya majaribio yake makubwa, watoto 15,459 katika nchi 7. Kila mtoto katika hao kuna mtu alimpima, akamwandika, akamfuata kwao akikosa kliniki.

Mengine nayataja tu. Ukijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyomtoa mtu damu usingoje Jumatatu, dawa za kuzuia HIV zinaanzwa ndani ya saa 72 na mapema ndio bora. Weka daftari lako la siku, saa na nauli. Bosi akikuahidi kwa mdomo mwandikie meseji ya kukumbushia siku hiyo hiyo. Mnaosoma masters muulize data ni ya nani kabla ya kuanza kuikusanya, si baada. Wasichana msipande boda ya usiku peke yenu, na projekti isiyoweza kulipia watu wawili iambiwe haiwezi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya wafadhili. Sheria ya sayansi ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na hata 1 hatujaifikia. Matokeo yake ni haya, watoto wetu wanaishi kwa vipande vya miezi miwili vya pesa za watu wengine, hawawezi kukopa, hawawezi kuoa, mpaka waliosoma kabisa wanaondoka, halafu tunaulizana kwa nini matende bado yapo.

Mkono wake unapona alhamdulillahi. Juzi ameitwa projekti nyingine akaniletea kontrakti barazani baada ya alasiri, kurasa nne, tumeisoma mstari kwa mstari, pale penye bima wameacha nafasi tupu. Amewaandikia emaili palepale kuuliza, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na mimi namshikia simu.