Barua ya wazi kwa washauri nasaha wapya wa Nakuru

Wanangu,

Wengi wenu mmemaliza mafunzo na mnaanza kupokea wateja, hapa mjini na kule Njoro, Molo na Gilgil. Hongereni sana. Kabla kazi haijawameza, nipeni sikio kidogo.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, nilikwenda kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani katika uwanja wa maonyesho hapa Nakuru. Nilikuwa na daftari, kalamu na cheti kipya. Nikamkalisha mama mmoja nje ya hema, nikamtaka anisimulie yote aliyoyaona, tangu mwanzo, maana niliamini kwamba akiyatoa atapona. Akasimulia. Mikono yake ilikuwa na leso ya mtoto: anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Alipomaliza akaniuliza, "Mwenzako wa jana naye aliandika. Sasa blanketi zitakuja lini?" Kesho yake majirani waliniambia alilia hadi alfajiri.

Leso ile sijaisahau. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, nao unasema wazi kwamba mtu aliyetoka kwenye janga asishurutishwe kusimulia. Tazama usalama wake, sikiliza anachohitaji, muunganishe na jamaa zake na msaada uliopo. Siku ile blanketi ingemfaa yule mama kuliko daftari langu. Mkiitwa kwenye mafuriko kama yale ya Mai Mahiu ya Aprili 2024, nawasihi mlikumbuke hilo.

Ofisini pia, msimharakishe mtu. Wengi watakuja wakilalamika kichwa kinagonga, usingizi umepotea, moyo unaenda mbio. Anzieni hapo hapo, na muulize kama wamepimwa hospitalini, kwa kuwa huenda ikawa presha kweli.

Jambo moja tu msilizunguke, nalo ni kujiua. Mkishuku, ulizeni waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Nimeliuliza mara nyingi, na mara nyingi nimeona mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Watu wetu walinyamaza miaka mingi kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambieni wateja wenu, wengi hawana habari.

Siku ya kwanza kabisa, mwelezeni mteja siri mtakazotunza na zile msizoweza kutunza, kama vile maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akidhulumiwa. Na mji wetu ni mdogo. Mkikutana naye sokoni, mwacheni aanze yeye kusalimu, asipowasalimu, piteni.

Nanyi mwe na mtu wa kuwasikiliza. Mimi na mvi zangu bado nakwenda kwa msimamizi wangu, yaani mshauri mwenzangu anayenisikiliza mimi, kila mwezi, na kuna miezi naenda mara mbili. Asiye na msimamizi anitafute, Alhamisi jioni nina nafasi. Jina la mteja aliache ofisini, aje na lile linalomkosesha usingizi.

Mama yenu katika kazi hii,
Nakuru