Usajili wa makurutu wa KDF uwekewe jicho la nje

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo kila tangazo la usajili wa makurutu wa KDF, yaani jeshi letu la Kenya, likitoka linazungumzwa barazani, kwenye matatu na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, halafu siku yenyewe ikishapita watu wananyamaza mpaka tangazo lingine. Mimi nimefundisha shule za upili huku Kwale na sasa nimestaafu, lakini vijana niliowafundisha bado wanakuja nyumbani na vyeti vyao ndani ya bahasha ya kaki wananiuliza mwalimu, mwaka huu nijaribu tena ama niache. Nataka niweze kuwaambia jaribu, utapimwa sawa na wenzako. Kusema hivyo leo naona ugumu.

Shida yangu ni hii. Polisi wakisajili watu kuna chombo cha nje chenye nguvu ya sheria kinachoweza kusimama kikasema hapana, hii imeharibika, irudiwe. Jeshi likisajili hakuna chombo kama hicho, na mwenye uwezo wa kukiweka ni Bunge, sasa mbona Bunge halikiweki?

Kwanza tuelewane kuhusu sheria maana wengi wetu tumelelewa tukiambiwa mambo ya jeshi ni siri, usiulize. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba yenyewe na Bunge, na hapo hapo kinasema vyombo vya usalama vikisajili watu lazima vionyeshe sura mbalimbali za Wakenya kwa uwiano wa haki. Cha 239 kinasema vyombo hivi viko chini ya mamlaka ya kiraia. Cha 241 kinaenda mbali zaidi kinasema hata ngazi ya makamanda wa jeshi iakisi maeneo na makabila ya nchi. Na kabla ya hiyo Katiba tulikuwa tayari na Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja.

Na hayo hayakuwekwa kupamba karatasi. Wakati wa KAR, lile jeshi la kikoloni, Mwingereza alikuwa na makabila yake aliyoyaita ya kivita, Wakamba na Wakalenjin akawachukua kwa wingi, wengine wakahesabiwa kwamba bunduki si kazi yao, na uhuru ulipokuja hesabu ile haikuisha, kila aliyeshika nchi alikuwa anaangalia ni watu wa wapi wako wapi ndani ya kambi. Agosti 1, 1982 tukaamka redio inatangaza serikali imepinduliwa, wanajeshi wa anga, na hata baada ya jaribio kuzimwa ile Kenya Air Force ilivunjwa ikaitwa jina lingine kwa miaka. Waliokaa kuandika Katiba walikumbuka hayo yote. Jeshi ambalo kila jamii inaona watoto wake ndani yake ni jeshi ambalo hakuna jamii italiogopa, hiyo ndiyo maana ya 238 kwa mawazo yangu.

Sasa angalia polisi. Julai 2014 walisajili vijana 10,000 nchi nzima kwa siku moja na malalamiko yakaanza kabla jua halijazama, hongo, majina yaliyojulikana kabla ya mtu kukimbia, basi IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi ambayo iliundwa kwa sheria ya 2011, ikaenda mahakamani, na Oktoba 31, 2014 Jaji Isaac Lenaola akafuta usajili wote. Wote! Mwaka uliofuata, baada ya lile shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2 ambapo watu 148 waliuawa, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wale 10,000 waripoti mafunzoni hata hivyo, na bado ikabidi usajili urudiwe upya. Nchi ilikuwa na machungu na hofu, polisi walikuwa wanahitajika jana si kesho, lakini sheria ilishinda kwa sababu kulikuwa na mtu wa nje mwenye faili mkononi na ruhusa ya kisheria ya kulipeleka kortini.

Je jeshini nani ana faili hilo? Juu kabisa kuna Baraza la Ulinzi na Katiba imetaja wanaokaa humo, Waziri wa Ulinzi ndiye mwenyekiti, halafu Mkuu wa Majeshi, makamanda watatu wa nchi kavu, anga na majini, na Katibu wa wizara. Basi. Wote ni watu wa nyumba moja. Malalamiko ya kijana aliyeonewa uwanjani yakifika huko yanakuwa kesi ya ngedere kapelekewa nyani, na sisemi hivi kwa kuwadharau, Jenerali Charles Kahariri na waliomtangulia wamebeba mzigo mzito na wanajeshi wetu wamekufa El Adde na Kulbiyow huko Somalia wakilinda hii nchi, heshima yao iko pale pale. Lakini mtu mwema pia anahitaji kuangaliwa. Hata afisa wa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, akija uwanjani anaangalia kama kuna anayepokea hongo, hana kazi kisheria ya kusema kituo fulani kilikosea vipimo kwa hivyo kirudie.

Wacha nieleze ile siku yenyewe kwa ambao hawajawahi kuiona. Tangazo linasema uwe raia, kati ya miaka 18 na 26 kwa kurutu wa kawaida, alama ya angalau D kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kimo angalau futi 5 na inchi 3, msichana asiwe na mimba, usiwe na rekodi ya uhalifu, uje na kitambulisho na vyeti halisi pamoja na kopi. Vijana wanafika alfajiri, wengine wamelala hapo hapo nje ya uwanja kwa sababu wametoka Kinango ndani kabisa au Lunga Lunga na nauli ni ya kwenda tu. Wanakimbia, wanapimwa urefu na uzito, wanaangaliwa meno, nyayo, makovu, macho. Hadi hapo sina neno, vipimo ni vipimo na mwanajeshi lazima awe mzima. Tatizo linaanza pale ambapo waliopita kila kipimo ni wengi kuliko nafasi. Hapo ndipo mtu mmoja au wawili wanachagua, huyu abaki huyu aende, na anayeenda anaambiwa kwa mdomo tu, hapewi karatasi inayosema alianguka wapi, kwa hivyo hata akitaka kulalamika analalamikia nini na kwa nani?

Na hapo ndipo broka anapopatia riziki. KDF wenyewe wanatangaza kila mara kwamba usajili ni bure na ukitoa pesa utakamatwa, na ni vizuri wanasema, lakini broka hauzi nafasi, anauza ile giza. Anamwambia mzazi mimi najua mkubwa fulani, lete laki tatu, lete laki tano, mzazi anauza shamba au ng'ombe, kijana anapewa barua ya kuitwa iliyopigwa muhuri vizuri kabisa, anafunga safari mpaka Eldoret, kambi ya mafunzo ya Moi Barracks, na pale getini anaambiwa barua ni feki na pingu zinaletwa. Tumesoma habari hizi mara ngapi kwenye magazeti? Kijana wa miaka 20 anaanza maisha na kesi, na baba yake hana shamba tena. Kama orodha ya waliochukuliwa ingebandikwa ukutani pale pale kituoni jioni ile, majina na namba ya usajili, na ikawekwa mtandaoni usiku huo, broka angeuza nini? Mzazi angeangalia tu jina la mwanawe kama halipo halipo.

Najua jibu litakalokuja, usalama wa taifa. Nalikubali kwa sehemu. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kujua tuna vifaru vingapi au kikosi gani kiko wapi Somalia, na kama hawataki kusema jumla ya makurutu wote wasiseme, watupe asilimia kwa kila kaunti, wavulana na wasichana, inatosha. Vituo vya usajili vinachapishwa kwenye gazeti, tarehe zinachapishwa, masharti yanachapishwa, mpaka rangi ya kaptura ya kukimbilia mtu anaweza kuiona uwanjani. Siri ni ipi basi iliyobaki kwenye kusema Tana River imetoa asilimia ngapi? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imelinda siri za ulinzi na ni sawa, lakini haikuandikwa ili kulinda aibu.

Huku Pwani jambo hili lina uchungu wake. Navy, jeshi la majini, iko kwetu tangu 1964, kambi yake ya Mtongwe iko ng'ambo ya feri, ya Manda iko Lamu, watoto wetu wanazaliwa wakiona meli za kivita zikipita, baba zao ni wavuvi wanaojua mkondo na upepo bila kuangalia simu. Na bado ukikaa na wazee Msambweni au Faza utasikia neno moja, kwamba watoto wetu ndani ya zile meli ni wachache. Ni kweli? Labda ni kweli, labda si kweli. Jenerali Samson Mwathethe ni mwana wa Kilifi, alitoka Navy akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2015 mpaka 2020, kwa hivyo mlango haukufungwa kabisa. Meja Jenerali Fatuma Ahmed naye ameonyesha wasichana kwamba mwanamke anaweza kukabidhiwa jeshi la anga zima, alikabidhiwa 2024. Lakini mtu mmoja aliyepanda juu hawezi kujibu swali la maelfu waliobaki chini, takwimu ndiyo inayojibu, na takwimu ikitoka ikaonyesha Pwani tumepata haki yetu, mimi mwenyewe nitapita vijiwe vyote nikiwaambia wazee tuache kunung'unika.

Sasa Bunge. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni ndiyo inayopitia makadirio ya wizara, ndiyo ina nguvu ya kuita Waziri Soipan Tuya na kumuuliza. Ninachoona mimi ni mbunge mmoja mmoja anasimama baada ya usajili analalamikia eneo lake, kwamba vijana wa kwake wameachwa nafasi zimepewa wa kaunti jirani, anajibiwa, kimya. Hiyo si kusimamia, ni kuombea watu wa kwako. Na wasituambie Bunge ni pole pole kwa asili yake. Juni 25, 2024 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo Aden Duale alitoa ilani ya kuleta KDF kusaidia polisi wakati wa maandamano ya mswada wa fedha, kesho yake tu wabunge wakaidhinisha. Siku moja! Mpaka Jaji Lawrence Mugambi ndiye aliyeagiza serikali iseme wazi jeshi litafanya nini na kwa muda gani, swali ambalo nilitarajia liulizwe na wabunge wenyewe kabla hawajasema ndiyo. Kama waliweza kukimbia hivyo kuruhusu wanajeshi watoke kambini, wanaweza kutembea basi kuangalia wanaingiaje.

Na hawahitaji hata kubadilisha Katiba, Sheria ya KDF ni ya 2012 na inaweza kurekebishwa na wabunge wa kawaida kwa kura ya kawaida. Waweke waangalizi wa kiraia kila kituo wenye mamlaka ya kusimamisha zoezi, watoke kwa mfano tume ya haki za binadamu na ofisi ya Ombudsman inayopokea malalamiko ya wananchi, si lazima tuunde tume mpya ya kula mishahara. Pale waliofaulu wanapozidi nafasi, bora kura ipigwe hadharani, karatasi kwenye kapu mbele ya vijana wote, nani atalalamika? Kila anayetolewa apewe kijikaratasi chenye sababu. Na ripoti ya kila usajili ifike Bungeni ndani ya siku 60 na isomwe na sisi pia.

Ombi langu la haraka ni dogo kuliko hayo. Wizara ikija mbele ya kamati na makadirio ya mwaka ujao kabla ya Juni 30, wabunge wa Pwani, wa Kaskazini, wa Magharibi, wa Mlima Kenya, wote, waulize asilimia ya makurutu wa miaka mitano iliyopita kwa kila kaunti kabla hawajapitisha pesa, na jibu lisomwe wazi kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Wakikataa kujibu tujue wamekataa, na mbunge wangu nitamuuliza yeye kwanza kwa nini alipitisha.

Mwalimu mstaafu,
Kwale